Kitu cha Nane Ndani ya Jiwe la Ng'wabulugu

Ng'wabulugu, Maganzo
Jumapili, 14 Aprili 2024

Kaka Mayala,

Shikamoo. Msalimie wifi Martina na goti lake. Mwambie majani ya mwarobaini aliyoniagiza nimeyakausha kivulini, nitampa Zamoyoni ayalete akija huko Kharumwa kununua mpunga. Huyu ndiye anayekuletea na barua hii. Akikwambia nauli ya bahasha, usimpe, nimeshampa karanga.

Sisi wazima. Mvua imezidi, choroko zimeoza, mtama unaendelea. Yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa ndama mwenye hasira kama za mama yake. Shemeji yako Masele yu mzima, isipokuwa masikio. Simu sasa anasikiliza kwa spika tu, tena ameketi barazani, kwa hiyo habari za binti yetu Loveness kule Shinyanga mjini mtaa mzima unazisikia kabla yangu.

Sasa jambo lenyewe. Kanisa letu limepasuka ukuta wa mashariki, ufa unaingiza mkono. Padri Theonest amesema tulibomoe tujenge jipya palepale. Mimi nimechaguliwa katibu wa kamati ya jubilei, kwa sababu, walisema, ninaandika tarehe hata nikinunua chumvi.

Unakumbuka kwamba tarehe 11 Agosti 1984 ndani ya jiwe la msingi liliwekwa kopo la maziwa ya unga, limezibwa kwa nta na lami. Kitabu cha kigango kina orodha ya vilivyomo: majina ya kaya zilizoleta mawe, rozari ya mama mkubwa Euphrasia, sarafu ya shilingi moja, ukurasa wa gazeti, mbegu za mtama, picha ya kwaya (mimi nimesimama mstari wa pili, nimefumba macho), na barua kwa watakaofungua. Vitu saba. Kazi yangu ni kuhakikisha vyote saba vinatoka vizima na vinatunzwa.

Shida ni hii: fundi Enock alishafariki, na ni wewe peke yako uliyebaki hai kati ya walioshika mwiko siku ile. Tuambie kopo liko upande gani wa jiwe, na ndani kiasi gani, ili patasi isilitoboe. Tutalifungua Jumapili ya tarehe 11 Agosti, mbele ya waumini wote, na kamati imekupitisha wewe uwe mgeni wa heshima na ulifungue kwa mkono wako mwenyewe. Nani anafaa kuliko katekista wa miaka thelathini?

Jibu kwa maandishi, liingie kwenye jalada.

Mdogo wako,
Apolonia


Kharumwa
9 Mei 2024

Mama Loveness, mdogo wangu,

Marahaba. Wabeja sana kwa mwarobaini. Goti la Martina limepata nafuu kiasi cha kumwezesha kunifuata hadi shambani kunisahihisha ninavyopalilia. Mwanetu George bado yuko Geita, anaendesha lori la mchanga. Mpunga mwaka huu umekubali. Zamoyoni ameniambia hana haraka, ndiyo maana jibu limechelewa.

Nimeifurahia heshima mliyonipa. Lakini nimeomba, nimetafakari, na naona nikushauri kama kaka. Jiwe la msingi la nyumba ya Mungu si jambo la kuchokonoa. Soma kuhusu jiwe walilolikataa waashi, na lile alilolala Yakobo, na lile lililofunika kisima. Maandiko yanataka mawe yaheshimiwe.

Pili, karatasi za miaka arobaini zikikutana na hewa hugeuka unga. Mtafungua kopo, mtapiga chafya, jubilei imekwisha. Ushauri wangu: lichukueni jiwe zima kama lilivyo, mlipachike kwenye ukuta mpya bila kulifungua. Mzee akilala vizuri haamshwi aulizwe alichoota.

Tatu, huo ugeni wa heshima mpeni mtu mwingine. Mimi mgongo.

Tena tafadhali usinipigie simu juu ya habari hii. Spika ya shemeji inasikika mpaka Mwadui.

Kaka yako,
Mayala

Nilitaka kusahau: yule Ndaki bado yu hai?


Ng'wabulugu, Maganzo
Jumapili ya Pentekoste, 19 Mei 2024

Kaka Mayala,

Shikamoo. Pole na mgongo. Aprili ulikuwa huna mgongo.

Kwetu salama. Ndama mwenye hasira ametupa ndoo ya maziwa. Loveness alikuja, amerudi.

Barua yako niliisoma mbele ya kamati, nikaacha ile sehemu ya spika. Padri Theonest alicheka sana juu ya jiwe lililofunika kisima. Akasema, "Katekista amesahau kwamba Yakobo alilivingirisha lile jiwe ili kondoo wanywe." Kamati imekataa mashauri yako yote matatu kwa kauli moja. Juu ya karatasi kugeuka unga, nimeshauliza mwalimu anayetunza nyaraka za shule. Kasema tuzitandaze kwenye nyungo, kivulini, katikati ya kanga safi, tuzigeuze taratibu kama dagaa. Kanga nimeshatenga mbili.

Umeniuliza habari za Ndaki. Nimepekua barua zako zote, nazihifadhi kwa miaka, na hujawahi kumtaja hata mara moja. Kwa hiyo nakujibu kwa kirefu, huenda Kharumwa imekusahaulisha.

Ndaki yu hai. Anakohoa. Kila Jumapili anakaa mkono wa kushoto karibu na mlango, na Masele anakaa mkono wa kulia karibu na nguzo. Wakati wa kutakiana amani Masele anawapa mkono wote, akifika kwa Ndaki anageuka kuangalia dirisha. Dirisha lile halina kitu. Tangu abatizwe, mume wangu anaangalia dirisha.

Kisa ni kilekile. Masele alikuwa manju wa Wagika, kiongozi wa kundi lao la ngoma, hajabatizwa. Ndaki alikuwa mtunza ngoma wake na rafiki wa kula sahani moja. Siku ileile tulipoweka jiwe, alasiri, Wagika walikuwa washindane na Wagalu, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi. Asubuhi kipembe cha Masele cha dawa ya samba, ile ya kuvuta watazamaji, kikakosekana ndani ya kibanda cha ngoma. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, shingoni kwa Ndaki. Alasiri hakuna mtu aliyekwenda upande wa Masele wala wa Wagalu, wote walikuwa kanisani. Masele alicheza mbele ya mbuzi watatu na mlevi mmoja. Maneno haya ni yake mwenyewe, hurudia kila mwaka.

Wewe ulikuwa mchezaji wao mdogo. Ulikuwepo. Au mgongo umechukua na hilo?

Nasubiri: kopo liko upande gani?

Apolonia


Kharumwa
20 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku wazima. Martina anakusalimu. Barua yako ilikaa kwa Zamoyoni majuma mawili, anasema alienda msibani Kahama.

Kushoto. Ukilitazama jiwe, kopo liko kushoto, chini kabisa, ndani sana. Chimbeni taratibu, hata mkimaliza mwezi.

Mayala


Ng'wabulugu, Maganzo
Jumapili, 7 Julai 2024

Katekista,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Wasalimie wote.

Tumechimba kushoto. Siku nne, vijana wawili, patasi tatu zimekunjika. Tumepata chura. Siku ya tano kijana mmoja akapumzika akagonga upande wa kulia kwa kisigino cha nyundo, juu kabisa, pakalia puu kama boga. Kopo lilikuwa nyuma ya unene wa vidole viwili vya saruji.

Kaka, wewe hadi leo mkono wako wa kulia unaujua. Huo ndio unaopiga nao ishara ya msalaba.

Kamati imenikabidhi kopo nilitunze bila kulifungua mpaka siku yake. Nimelizika ndani ya debe la mpunga mkavu, maana mpunga hunyonya unyevu. Lakini lina kutu, na ubavuni lina tundu dogo kama punje ya hindi. Nilitaka kuliziba kwa nta wadudu wasiingie. Nikaligeuza juani ili nione kama karatasi zimelowa. Karatasi nimeziona. Rozari nimeiona. Na chini ya gazeti nimeona ncha nyeusi, nyembamba, iliyochongoka, yenye mikunjo kama ya pembe la swala.

Nimesoma orodha tena. Nimeisoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Vitu saba, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuota kichwani mwa swala.

Kisha nikafanya unachojua nitafanya. Nilishusha sanduku, nikatoa daftari langu la mwaka 1984. Nakunakilia.

"Ijumaa 10 Agosti. Tumepiga mazoezi ya kwaya mpaka jioni. Kaka Mayala amepewa na fundi Enock alinde vifaa na kopo. Amekataa kula, amesema ameshiba. Hajawahi kushiba."

"Jumamosi 11 Agosti. Kaka ameamka mapema sana akakimbilia kanisani. Amerudi amekaa nyuma ya nyumba, ameshika kichwa. Nimemuuliza, akasema meno. Jiwe limewekwa salama. Padri ameleta ng'ombe wawili, watu wamejaa mpaka njiani. Jioni yule manju Masele alikuja na njuga miguuni, amekasirika, anauliza nani amemchukulia watu wake. Padri akamwambia avue njuga. Akasema hazivuki. Nikampa maji. Ana macho mazuri."

Haya ya mwisho hayakuhusu, lakini sifuti kitu kwenye daftari.

Sijamwambia mtu. Tundu nimeliziba. Debe liko chini ya kitanda changu, na mume wangu analala juu yake bila kujua. Sasa nieleze meno yalikuwa yanauma kiasi gani.

Apolonia


Kharumwa
18 Julai 2024

Apolonia,

Marahaba. Salamu nyingine utanisamehe, nazijua nitazirefusha mpaka karatasi iishe.

Ni mimi.

Sikuiba, mdogo wangu, au nilivyofikiri siku ile sikuwa naiba. Nilikuwa na miaka ishirini na nilipenda Wagika washinde kuliko nilivyopenda kula. Niliwaza hivi: kesho watu wa vijiji vitatu watakusanyika kwenye jiwe la kanisa. Kipembe kikilala usiku mmoja pamoja na jiwe lile, kitaujua umati, na alasiri kitauvuta wote uwanjani kwetu. Niliona ni akili kubwa. Sikumwambia Masele ili kesho nimshangaze.

Ijumaa jioni nilikwenda kibandani kuchukua njuga. Ndaki alinifungulia, akaenda kunywesha ng'ombe. Nikakichukua. Pale kanisani sikuwa na mahali pa kukificha ila ndani ya lile kopo nililopewa kulinda. Nikakiweka chini ya gazeti. Nilipanga nikitoe alfajiri, kabla fundi hajaja.

Lakini unakumbuka saruji ya miaka ile. Mfuko mmoja ulisubiriwa miezi kwa kibali. Fundi Enock alikuwa ameufungua Ijumaa, akaogopa umande utaugandisha, akaamka kabla ya jogoo. Nilipofika kopo lilikuwa limeshazibwa na kuingizwa, analainisha saruji kwa mwiko. Akaniambia, "Mayala, umechelewa, shika ndoo." Nikashika ndoo. Mimi ndiye niliyemwagia maji saruji iliyofunga kipembe cha Masele.

Alasiri kila kitu kilienda kinyume. Kipembe kilikaa kanisani, watu wakakaa kanisani. Na tangu siku hiyo kanisa la Ng'wabulugu halijawahi kuwa tupu, mpaka parokia nyingine zinakuja kuuliza siri. Kila anaposifiwa katekista wenu kwa mahubiri, mimi huku najua kilichomo ndani ya jiwe.

Ningesema siku ileile. Lakini wachezaji walikuwa na fimbo. Baadaye Masele akaanza kuja nyumbani kwa ajili yako, nikasema nisiharibu. Baadaye akabatizwa, nikasema ameshasahau. Baadaye nikaenda chuo cha makatekista. Kila mwaka ulikuja na sababu yake, na Ndaki akakaa na lawama yangu kama mtu aliyeachiwa mbuzi na mgeni asiyerudi.

Kuna jingine. Huku wachimbaji wana vipembe, wanavifukia mlangoni mwa maduara yao, mashimo ya kuchimbia, ili dhahabu isikimbie. Mwaka 2011 nilimwambia mmoja akichome mbele ya kanisa. Alilia, kilikuwa cha babu yake. Mimi ndiye niliyeshika kiberiti. Kilipoanza kutoa moshi nilikuwa nakiona kile cha Ng'wabulugu.

Sasa nakuomba, kama damu yangu. Lile tundu lipanue kwa kisu. Kivute kidogo kidogo, kitapita. Kitupe chooni. Orodha itabaki na vitu saba, nami nitakuja tarehe 11 nilifungue kopo nikiwa mtu.

Kaka yako,
Mayala


Ng'wabulugu, Maganzo
Alhamisi, 25 Julai 2024

Kaka yangu Mayala,

Shikamoo.

Nilichukua kisu. Nakiri hilo kwa kuwa wewe umekiri lako. Masele alikuwa shambani, nililiweka kopo mezani, nikakwangua nta yote.

Hapo nikasikia, "Hodi, Mama Loveness." Alikuwa Ndaki, amesimama nje ya uzio. Kaka, Ndaki husimama nje ya uzio. Nikijifungua alisimama hapo, msiba wa mama alisimama hapo, mvua ikinyesha anasimama hapo. Alikuwa ameleta maboga mawili. Nikamwambia, "Pita ndani, bwana Ndaki." Akasema, "Mwenye nyumba hajasema." Akayaweka juu ya nguzo, akaondoka anakohoa.

Nimeziba tundu upya kwa nta.

Tarehe 11 nitasoma orodha mbele ya watu: cha kwanza, cha pili, mpaka cha saba. Kisha nitasema kuna cha nane, na nitanyamaza. Ukiwepo, utasema wewe. Usipokuwepo, mimi sitasema jina lako, maana u kaka yangu. Lakini watu wote watamgeukia Ndaki, unajua hivyo, na safari hii atakuwa na umri wa miaka sabini.

Zamoyoni anapita kwako tarehe 9. Ana nafasi kwenye gari, juu ya magunia. Mgongo wako utavumilia.

Apolonia


Ng'wabulugu, Maganzo
Jumapili, 25 Agosti 2024

Kaka Mayala,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama, na kwamba wifi Martina amekupa chai, maana hapa uliondoka Jumatatu kabla ya jua bila kunywa. Kikombe chako nilikuta kimejaa. Amekunywa ndama.

Nakuandikia yaliyotokea ingawa ulikuwepo, kwa sababu tangu nilipotamka "cha nane" mpaka mwisho wa misa ulikuwa unatazama viatu vyako. Umekosa mengi.

Kwanza nikushukuru. Ulisema vizuri. Ulisema taratibu, hukujificha kwenye Yakobo. Uliponyanyua kile kipembe na kusema, "Ni mimi, Ndaki hana kosa, nimemwachia mzigo wangu miaka arobaini," kwaya waliacha hata kupepea. Shida ilikuwa mume wangu. Alikuwa ameweka mkono sikioni, anauliza jirani, "Anasemaje? Anasemaje huyu shemeji?" Jirani akaogopa kumwambia.

Ndipo Ndaki aliposimama, kule mlangoni. Wewe ulidhani anatoka nje, niliona mabega yako. Hakutoka. Alikuja katikati, akakichukua kipembe mkononi mwako, akamwendea Masele palepale kwenye nguzo yake, akainama sikioni kwake akapaza sauti. Kwa hiyo kanisa zima tulisikia.

"Masele! Humu ndani mganga alikuwekea nini?"

"Samba," alisema Masele. "Na tumbaku."

"Tumbaku ya wapi?"

"Ya Kahama. Ilikuwa nzuri sana ile."

"Najua ilikuwa nzuri."

Padri Theonest alikuwa ameanza kuelewa, akajifunika mdomo kwa kitabu.

"Nilianza kunusa mwezi wa sita," akasema Ndaki. "Kidogo tu, asubuhi, kwa ajili ya baridi ya kunywesha ng'ombe. Kufika Agosti kilikuwa kimebaki chenyewe, kitupu. Nikaogopa, nikakijaza kutoka jikoni kwa mama yangu. Ulipokuja unapiga kelele kwamba nimeharibu dawa yako, nikasema, ameshajua. Ndiyo maana sikukujibu. Ningejibu nini?"

"Umekijaza nini?" Masele hakusikia.

Ndaki akarudia, lakini kikohozi kikamshika, hakuweza. Basi mimi katibu wa kamati, nikiwa na karatasi mkononi, nikapaza sauti kutoka altareni: "Majivu!" Masele bado akauliza, "Nini?" Na kanisa zima, kaka, watoto, wazee, kwaya sauti zote nne, wakajibu, "MAJIVU!"

Masele akakigonga kipembe kiganjani. Yakatoka majivu, makavu, kama ya jana. Kopo lile lilitunza vizuri. Akasema, "Kwa hiyo nimenuna miaka arobaini kwa ajili ya jiko la mama yako?"

"Wewe ulinuna," alisema Ndaki. "Mimi nilikuwa najificha."

Kicheko kilichofuata nadhani ulikisikia hata kupitia viatu. Padri hakuweza kuendelea mpaka wimbo. Wakati wa amani ulipofika, Masele hakuangalia dirisha. Alimpa Ndaki mkono wenye majivu, na Ndaki akautazama kwanza, akaunusa, ndipo akaushika.

Sasa habari za vitu saba, maana ndiyo kazi yangu. Rozari ni nzima. Sarafu imepata ukijani. Mtama umeliwa na fukusi waliokufa humohumo. Picha imeng'oka pembe moja, mimi bado nimefumba macho. Gazeti na barua vimekauka kwenye nyungo, vinasomeka. Orodha ya walioleta mawe ilikuwa imegandamana. Niliitenganisha siku tatu kwa ukucha na mvuke wa sufuria. Jina la kwanza kabisa juu ni Ndaki, mikokoteni miwili. Alikuwa hata hajabatizwa. Nilimsomea Masele kwa sauti, akaenda nje akakaa na ng'ombe.

Huenda unajiuliza, kama ni majivu, nini kilijaza kanisa siku ile. Jibu lilikuwa kwenye daftari langu muda wote nami sikulisoma: padri ameleta ng'ombe wawili. Ulikuwa mwaka wa njaa. Masele hakushindwa na dawa, alishindwa na mchuzi. Ameridhika sana na habari hii. Anasema mchuzi hakuna manju anayeuweza.

Uliondoka kwa kumwogopa. Alikungoja barazani tangu alfajiri, hukumwona kwa kuwa ulipitia nyuma ya zizi. Jana nimemuuliza ana neno gani la kukuandikia. Alifikiri mpaka ugali ukapoa. Akasema niandike hivi, kama alivyotamka:

"Mwambie shemeji aliiba majivu akayabeba kama mtu aliyeua. Mimi nilipoteza kipembe jioni ile nikapata maji ya kunywa, na aliyenipa maji yuko hapa ananiandikia. Aje anywe chai yake."

Ndaki sasa amevuka uzio. Amevuka vizuri mno. Yuko barazani kwangu kila siku tangu saa tatu, yeye na Masele wanabishana kuhusu ngoma za mwaka 1982, mmoja hasikii, mwingine anakohoa, na simu ya spika katikati. Kuna asubuhi ninatamani ungekaa kimya.

Jumapili iliyopita nilihesabu waumini kama kawaida yangu. Mia mbili na kumi ndiyo idadi yetu ya siku zote. Walikuja mia tatu na arobaini, wengine kutoka Maganzo mjini, wote wanataka kuona kipembe. Padri Theonest amekuna kichwa. Amesema tusilizungumze sana.

Jiwe jipya litawekwa Jumapili tarehe 6 Oktoba, na kopo jipya limeshanunuliwa, lenye mfuniko wa kukaza. Masele ameomba kipembe kirudi ndani, na kamati imekubali kwa sharti kiandikwe kwa jina lake halali. Nimeshaandika orodha kwa mkono wangu, nakala mbili. Cha nane kinasomeka: "Kipembe kimoja cha swala, kitupu. Kilijazwa tumbaku na mganga, majivu na Ndaki, na hofu na Mayala. Mwenyewe ni Masele." Watakaofungua baada yetu wasipate tabu niliyopata mimi.

Kamati imepitisha pia, kwa kura zote, kwamba uje siku hiyo. Kopo litafungwa mchana, watu wote wakitazama, na Ndaki ndiye atakayelilinda. Wewe umepangiwa kushika ndoo.

Zamoyoni anapita kwako tarehe 4. Chai nitaiweka jikoni mapema.

Mdogo wako,
Apolonia